Aliyejibu "Nipo"

Maiti ililala sakafuni kati ya kitanda na cherehani, mguu mmoja umepinda vibaya. Karibu na kichwa palikuwa na glasi yenye maji kidogo chini.

Inspekta aliziba pua kwa leso, akachuchumaa. Marehemu alikuwa fundi nguo mstaafu, mjane asiye na mtoto, macho yamechoka kwa miaka ya kutunga uzi. Jengo zima lilimwita Bibi Cherehani.

"Nyonga imevunjika," alisema daktari wa polisi. "Ameanguka Ijumaa, kabla hakujapambazuka. Amekufa Jumamosi mchana."

"Yaani amelala hapa siku nzima na zaidi, yuko hai?"

"Hai, na akili zake timamu. Hiki si kifo cha kumwombea hata adui."

Inspekta aliitazama glasi, kisha jiko lililokuwa mwisho wa ukumbi. Mwenye nyonga iliyovunjika haendi jikoni kuchota maji.

"Koplo, glasi hii ipimwe alama za vidole. Na simu ya marehemu iko wapi?"

"Haipo, afande. Nimetafuta hadi chini ya godoro. Mlango nao ulifungwa kwa ufunguo kutoka nje. Jirani ameuvunja asubuhi hii baada ya kusikia harufu."

Jirani mwenyewe, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa ameegemea ukuta nje, uso umemparara.

"Mara ya mwisho kumwona ni lini?"

"Kumwona kwa macho? Siku nyingi, afande. Lakini kwenye grupu alikuwepo. Hata leo amejibu."

"Leo amejibu nani? Huyu aliyeoza?"

Kinyozi akaeleza. Jengo lilikuwa na grupu la simu. Kila asubuhi admini wao, Mama Umoja, alituma salamu, na kila mtu alijibu "Nipo". Asiyejibu, majirani walikwenda kumgongea. Utaratibu ule uliwekwa kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao, na ulisifiwa mno mitandaoni. Jumamosi watu wa televisheni walikuja kuwapiga picha. Muziki ulipigwa uani, wakazi wakacheza wamevaa fulana za rangi moja.

"Jumamosi," Inspekta alirudia. "Mnacheza pale chini, mwenzenu anakata roho hapa juu."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Hebu lete simu yako."

Ijumaa: Nipo. Jumamosi: Nipo. Jumapili, Jumatatu, vivyo hivyo. Inspekta akarudi nyuma zaidi, akakunja uso.

"Mbona kabla ya Ijumaa hajaandika hata neno moja? Ni sauti tupu."

"Macho yalikuwa hayamsaidii, afande. Alikuwa anajirekodi."

"Alikuwa anasema nini?"

"Zilikuwa ndefu sana zile sauti..."

"Sikuuliza urefu."

"Sijui alisema nini." Kinyozi alijikuna shingo. "Tulikuwa hatuzifungui. Ukiona sauti yake imeingia, unajua mzima, basi."

Loh! Jengo zima, watu na akili zao, wanampenda bibi kiasi cha kumtumia mioyo myekundu kila siku, na hakuna aliyepoteza dakika kumsikia! Hata mwizi wa kuku humsikiliza kuku kwanza.

Sauti tatu ziliingia Ijumaa kabla ya salamu za asubuhi. Inspekta aliiweka simu sikioni, akazisikiliza peke yake dirishani. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Nani mwingine ana ufunguo wa chumba hiki?"

"Mama Umoja. Funguo za wazee wote anazo yeye."

Jioni ile Mama Umoja aliketi chumba cha mahojiano, kitambaa cha machozi mkononi. Alikuwa ameshatuma picha ya mshumaa kwenye grupu, na watu walikuwa wanalia kwa vidole gumba.

"Alikuwa kama mama yangu mzazi," alisema.

"Alama zako ziko kwenye glasi."

"Nilikuwa naingia mara kwa mara kumsaidia."

"Simu yake tumeikuta kabatini kwako, chini ya fulana za Jumamosi."

Kitambaa kilitulia mkononi.

"Mwanamke asiyeandika, ghafla anaandika. Ni wewe uliyejibu, mama. Mimi nataka kujua kwa nini."

Koplo alishika kalamu bila kuandika.

"Ijumaa nilikwenda kumpimia fulana," alisema Mama Umoja hatimaye. "Nikamkuta chini. Akaniomba maji, nikampa. Akasema, 'Nimewaita usiku kucha, hamkunisikia?' Ndipo nikaiona simu kando yake, nikaichukua."

"Ungeita gari la wagonjwa."

"Na wale wageni wa televisheni kesho yake? Angemwambia kila mtu kwamba aliita na jengo zima halikuitika! Mimi ndiye niliyelijenga lile grupu, afande. Kabla yake nilikuwa nani? Mpangaji wa chini ambaye hata salamu hapewi. Nikamwambia bibi, vumilia, naenda kuita gari. Nilidhani atastahimili hadi Jumamosi jioni, wageni wakishaondoka. Nilipopanda, alikuwa ameshakwenda."

"Na zile sauti? Admini anaweza kufuta."

"Za nini kuzifuta?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Hakuna anayezisikiliza."

"Wewe mwenyewe ulizisikiliza?"

Alitikisa kichwa.

Inspekta aliweka simu ya kinyozi mezani, akafungua ile sauti ya tatu. Sauti ilitoka dhaifu, ya mtu aliyeishiwa pumzi lakini hajakata tamaa.

"Wanangu, bado niko hapa chini. Nadhani mmelala, na mimi sitaki kuwasumbua tena. Si neno. Kukicha Mama Umoja atatusalimu. Mimi nitanyamaza makusudi, nisijibu. Mkiona sijajibu, mtakuja."

Mama Umoja aliziba masikio. Inspekta alimsogezea simu karibu, akaifungulia tena sauti ile.