Aliiba Mfumo Wangu, Kisha Akanipigia Kuniuliza Kufuli

Nilikuwa jikoni kwetu, kijijini Yakobi, naota moto, baridi imekaza, nikafungua WhatsApp... moyo ukanilipuka!

Tangazo la ushirika wa parachichi Njombe. Uzinduzi wa mfumo mpya wa mizani. Mbunifu: Lenard. Na picha yake, tai shingoni.

Jamani, ule mfumo nimeuandika MIMI. Lenard ni mchumba wangu, barua ya posa wazee walishaipokea. Kazi yake ilikuwa kuniletea chai na kusema pole mpenzi. Kumbe alishanakili programu yangu ya simu kwenye kompyuta yake.

Nililia. Nilipomaliza kulia nikaapa kwamba huyu lazima nimkomeshe.

Sasa mnielewe kidogo. Simu ya karani kule Makambako inapotuma kilo kwa ushirika, kila ujumbe lazima ugongwe muhuri wa siri, na muhuri ninao mimi. Hiyo ndiyo sera ya usalama. Niliiweka pande mbili, kwenye programu ya simu na kwenye seva, kompyuta kuu inayopokea, ninayoisimamia mimi. Lenard alijua upande wa simu tu.

Jioni akapiga. Hakujua kwamba nimeshaliona tangazo.

"Dainess mpenzi, hii programu inadai muhuri kila nikiijaribu. Naondoaje?"

Mwizi ananiuliza mimi!

"Fungua mipangilio," nikamjibu kwa upole. "Kwenye sera ya usalama chagua 'hakuna'. Itaacha kukusumbua."

Sikudanganya. Kweli iliacha kumsumbua, pale kwenye kompyuta yake.

Siku ya uzinduzi sikwenda ukumbini. Nilikwenda Makambako kwa shangazi Telesia, karani wa mizani. Njombe walikuwa wameweka skrini kubwa, wanasubiri kilo zitoke kwetu, na kwenye simu tunawasikia wanavyojitapa.

Shangazi akapima kreti ya parachichi, akatuma kwa programu ya Lenard.

IMEKATALIWA.

Akarudia... IMEKATALIWA. Seva haipokei kisicho na muhuri. Tukamsikia Lenard anasingizia mtandao, watu wanaguna. Raha niliyoipata sitawaficha.

"Mwenyekiti," shangazi akasema, "mtandao huku ni mzima. Nina binti hapa ana programu kama hii. Ajaribu?"

"Ajaribu."

Nikatoa simu yangu, nikatuma kreti ileile.

Tukamsikia mwenyekiti akisoma skrini, polepole.

"Kilo ishirini. Muhuri wa mbunifu, Dainess Mgaya."

Kisha akauliza:

"Lenard, Dainess ni nani?"

Shangazi alijibu kwa niaba yake, na alijibu kirefu.

Mkataba wa mfumo na ushirika nimesaini mimi. Barua ya posa baba ameirudisha kwao, na kuku mmoja wa kuwapoza wazee wake, maana wao hawana kosa.

Niiteni katili, sawa. Lakini ukimwibia mtu nyumba, usimpigie simu kumuuliza kufuli lake linafunguliwaje.