Nusu Chupa kwenye Droo

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, Inspekta alifungua kabati la nyaraka akakuta daftari la mwasisi halimo. Kufuli lilikuwa zima. Bahasha iliyolihifadhi ilikuwa palepale kwenye rafu ya pili, lakiri yake imekatwa kwa wembe, na ndani hamna kitu.

Aliandika saa kwenye kiganja cha mkono, tabia aliyobaki nayo tangu enzi za polisi. Kabla wino haujakauka aliingia Katibu, begi la safari begani, akiulizia gundi. Gundi ilikaa kwenye droo ya meza ya Inspekta. Katibu aliivuta droo mwenyewe, na juu ya karatasi za Inspekta ilikuwepo chupa ya pombe kali, imebaki nusu, kifuniko kimekazwa. Pembeni yake kulikuwa na glasi iliyopinduliwa juu ya leso nyeupe, nayo leso imekunjwa pembe nne.

Kwingine chupa kwenye droo ingekuwa jambo la kucheka. Lakini chumba kile, nyuma ya ukumbi wa kanisa, kilikodishwa na Ushirika wa Leo, chama cha walevi wanaoamka kila siku na kuapa kutokunywa siku hiyo tu, ya kesho waiapie kesho. Humo hakuna anayetumia jina lake halisi, ila la kupewa. Inspekta alilipata lake kwa haki: alikuwa mpelelezi kwa miaka kumi na minane, hadi pombe ilipomvua sare. Sasa alikuwa na miaka sita hajagusa tone.

Katibu alisukuma droo kwa vidole viwili, akasema lisemwalo lipo. Watu walishaona Inspekta amechoka uso wiki nzima. Alimshauri kwamba kwenye kikao cha saa tisa akae benchi la mbele, wanapokaa walioanguka na kuanza kuhesabu siku upya. Kanuni ya Ushirika ni kwamba mtu hujitangaza mwenyewe, wala hatangazwi na mwenzake. Katibu aliijua vizuri kanuni hiyo, kwani ndiye aliyeibandika ukutani. Hata hivyo alitoka nje akampigia simu mwana wa Inspekta.

Saa tatu kasoro robo mwanawe alipiga. Miaka miwili nyuma alikuwa amemfungulia mama yake mlango wa nyumba, akamkabidhi binti yake wa miaka minne amlee mchana, kwa sharti moja tu. Sharti lenyewe halihitaji kuelezwa.

"Mama, mtoto nimempeleka kwa shangazi yake," alisema. "Nakuja huko saa tisa. Ufunguo wa nyumba uje nao."

"Nitakuwepo," Inspekta alijibu, akakata.

Kisha hasira zikampanda, hasira safi za mtu aliyesingiziwa, na zilimfaa kuliko machozi. Angekuwa amekunywa, angesema amekunywa. Alishalisema hilo mbele ya hakimu, mbele ya mume, mbele ya jirani aliyemwokota mtaroni. Lakini kumpoteza mjukuu kwa chupa asiyoinunua, hilo hakulikubali. Alikuwa na saa sita.

Alianza na chumba. Kabati lilikuwa na funguo mbili: mmoja wake, mwingine kwenye msumari katika ofisi ya Katibu, ambapo yeyote anayepita anaweza kuutungua. Yeye alifunga kabati Ijumaa saa tano asubuhi, akaondoka. Katibu alikuwa safarini tangu Alhamisi jioni, akifungua tawi jipya mbele ya watu thelathini, na tiketi ya basi la alfajiri ilikuwa bado imechomoza mfukoni mwake. Kwa hiyo mwizi aliingia Ijumaa, na hakuwa Katibu, ingawa Inspekta angefurahi sana awe yeye.

Kisha aliinama kwenye sinki la kunawia, pua karibu na tundu. Harufu ilikuwepo. Mate yalimjaa mdomoni, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Nusu iliyokosekana ilimwagwa humo. Alifungua bomba hadi mwisho, akaenda kusimama dirishani mpaka mikono ilipotulia.

Sababu ya wizi aliijua nusunusu, kwa kuwa daftari lile lilikuwa kazi yake. Ushirika ulikuwa unatimiza miaka hamsini, naye alipewa jukumu la kuchunguza waasisi wake wawili, Seremala na Nesi, na imani iliyowakutanisha. Wanachama waligawanyika. Wengine walitaka itangazwe kwamba chama kilizaliwa kanisani; wengine hawakutaka neno kanisa litajwe kabisa. Inspekta alitaka kujua kilichotokea, basi. Kwa barua za Nesi alikuwa ameshathibitisha kwamba wote wawili walitoka katika kikundi cha maombi kilichokutana majumbani. Walikuwa wakikiri makosa wao kwa wao, wakimrudishia mtu haki yake waliyomdhulumu, kisha wakitoka kumtafuta mwingine anayeteseka. Kanuni zote za Ushirika zilichotwa humo, tena bila kubadilishwa sana.

Lililobaki ni daftari la Seremala mwenyewe. Nesi aliliacha limefungwa kwa lakiri, akiagiza lisifunguliwe mpaka mwaka wa hamsini. Kila mwanachama alijua hadithi yake: Seremala alipiga magoti jioni moja kando ya meza yake ya kazi, Nesi akamwombea, na tangu jioni hiyo hakugusa pombe hadi kufa. Hadithi hiyo husimuliwa kila mgeni anapoingia. Daftari lilikuwa lifunguliwe leo, saa tisa, mbele ya wote.

Saa nne alimkuta Dereva akiosha gari lake. Huyu ndiye aliyetishia wiki iliyopita kulichana daftari hilo vipande.

"Nilisema, na sikatai," alisema Dereva, akikamua kitambaa. "Mimi naswali, dada. Mkikiita chama cha kanisa, mimi nitakaa wapi? Nirudi baa? Kule hawakuulizi dini."

Alikiri kwamba Ijumaa saa nane, baada ya swala, alikuwa ukumbini akipanga mabenchi. Aliwaona watu wawili tu kwenye korido ya nyuma: Mchungaji na makaratasi yake, na Mwalimu na kikapu chake cha maua ya kupamba ukumbi. Msumari wa Katibu hakuutazama. Inspekta alipomweleza habari ya chupa, aliacha kukamua.

"Imebaki nusu?" aliuliza. "Na kifuniko juu?"

"Kimekazwa."

Dereva akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka kitambaa chini, kisha akaona aibu kwa sababu mwenzake hakuwa anacheka.

Saa sita Inspekta alikuwa ofisini kwa Mchungaji, mwenye ukumbi. Mchungaji hakuficha kwamba alilitamani daftari. Alishaandaa hata kabati la kioo la kuliweka, kwani aliiona ile ni historia ya kanisa lake. Yeye ndiye aliyemwazima Inspekta kumbukumbu za kile kikundi cha maombi, na alikuwa na hamu ya kujua zimemfaa vipi.

"Na wewe mama una moyo," alimwambia akimsindikiza mlangoni. "Kutumwa na makumbusho kuja kukaa na walevi wiki tatu nzima. Unawavumiliaje?"

"Nimewazoea," Inspekta alisema, akatoka haraka.

Kwenye ngazi alisimama, akafungua tena nakala zake za zile kumbukumbu. Mstari uliomshughulisha tangu Alhamisi ulikuwa palepale: *Tumemwombea ndugu yetu seremala, mara ya tano. Ameahidi kuyaandika yote daftarini.* Alhamisi hiyo hiyo alikuwa amemwonyesha mtu mmoja mstari huo na kumuuliza mara ya tano maana yake nini. Mtu huyo alivaa miwani, akausoma, akasema hajui. Kikulacho ki nguoni mwako, Inspekta aliwaza, na moyo ukamuuma, maana alimpenda mtu huyo.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mwanawe alisimama mlangoni, mahali panaporuhusiwa jamaa, mikono mfukoni. Katibu alinyoosha kiganja kuelekea benchi la mbele. Inspekta alipita benchi hilo, akasimama mbele ya watu wote.

"Sikai hapo," alisema. "Nimekaa hapo mara nne, nalijua hadi misumari yake. Leo si zamu yangu. Daftari limeibiwa, na kwenye droo yangu pamewekwa chupa ili nikisema limeibiwa nionekane mlevi anayeropoka. Chupa yenyewe imebaki nusu, kifuniko kimekazwa, na glasi yake imeoshwa. Nawauliza ninyi, wataalamu. Nani hapa aliwahi kubakiza nusu?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua ya ghafla. Hata Katibu ilibidi afunike mdomo.

"Mlevi huimaliza, au huimwaga yote huku akiapa," aliendelea kicheko kilipopungua. "Nusu hatuijui. Na angekuwa mmoja wenu anataka kunichafua, angeokota chupa tupu jalalani. Asingesimama kwenye sinki akaimimina kidogo kidogo, ile harufu ikimpanda puani, halafu akaacha. Mimi leo nimeinusa tu kwenye tundu, na nimetetemeka. Huyu alimwaga kwa kipimo, akakaza, akaosha glasi, akaitandikia leso. Hajawahi kulewa maisha yake yote."

Alieleza kwamba wasiolewa walioonekana koridoni Ijumaa ni wawili. Mchungaji alikuwa mmoja wao, na tamaa ya daftari alikuwa nayo. Lakini Mchungaji alidhani Inspekta ametumwa na makumbusho. Ushirika hautangazi wanachama wake nje, na hakuna aliyemwambia. Chupa kwenye droo ya mtafiti wa makumbusho ingemwaibisha kidogo. Kummaliza kwa chupa kulihitaji mtu anayejua ana siku ngapi bila pombe.

"Kuna mtu mmoja tu asiyekunywa anayeruhusiwa kukaa humu na kutusikia," alisema. "Tulimruhusu kwa heshima ya baba yake. Mwalimu, daftari limo kwenye kikapu chako. Hujalichoma, najua. Mtu hachomi mwandiko wa mzazi wake, wala hauachi mbali na macho yake."

Mwalimu, binti pekee wa Seremala, alikuwa na miaka hamsini na tisa na mgongo ulionyooka kama alivyowanyoosha watoto wa watu. Alijaribu kusema kwamba maua ndiyo yaliyomo kikapuni. Sauti haikumfuata. Njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia hapo, kwa sababu hakuwahi kuizoea.

"Kumi na moja," alisema. "Ameanguka mara kumi na moja baada ya kupiga yale magoti. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyemvua viatu. Mama alimwambia kila mtu ni malaria, na mimi nikasema malaria. Mnataka kumsoma hivyo mbele ya watu? Huyu ndiye mnayemsimulia kwa wageni. Mungu alimgusa mara moja akapona. Mkiliondoa hilo, mnabaki na nini?"

"Nilikuwa nakuja kwako Jumapili kunywa chai," Inspekta alisema. "Ulijua kuhusu mjukuu wangu. Ulijua sharti."

"Nilijua."

"Na ukaiweka ile chupa."

"Nilidhani utakaa benchi la mbele wiki mbili, yaishe. Sikujua watampigia mwanao."

Katibu alitazama viatu vyake. Inspekta alisogea karibu na Mwalimu.

"Miaka sita iliyopita nilianguka mara ya nne, nikakaa nyumbani miezi mitatu," alisema. "Sikuja. Nilisema mwasisi wetu aliombewa mara moja akapona, mimi nimeombewa mpaka magoti yameota sugu, basi Mungu hanitaki. Wapo waliokaa nyumbani hivyo hivyo mpaka tukawazika, na hapa tuna majina yao. Kuteleza si kuanguka, tunaambiana, na wakati huohuo tunamficha aliyeteleza kuliko wote. Sijakusamehe, Mwalimu, na sijui lini. Lakini daftari hili halisomwi na mimi. Utalisoma wewe."

Mwalimu alitoa daftari chini ya maua, akavaa miwani, akasimama mahali wanaposimama walevi kusema habari zao. Alisoma kwa sauti ya darasani, kwa sababu hakuwa na nyingine.

"*Jumatano. Nimelewa tena, mara ya saba. Binti yangu amenivua viatu. Nesi amekuja na Biblia yake, hakunisomea, ameketi tu. Nimemwuliza Bwana Yesu atanichoka lini. Kesho nitapiga magoti. Keshokutwa pia. Yule jirani Mwislamu aliyeomba kuja na aje, naye analewa kama mimi.*"

Dereva alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mwalimu alijaribu kuendelea na ukurasa unaofuata, akashindwa, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa benchi la mbele. Hakuna aliyemwondoa.

Inspekta alitembea hadi mlangoni. Mwanawe alikuwa ameshatoa mkono mmoja mfukoni, kiganja wazi, kama alivyokusudia tangu nyumbani.

"Mama, nisamehe," alisema. "Katibu aliniambia—"

"Ulimsikiliza Katibu. Mimi hukuniuliza." Hakupaza sauti. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ni mlevi, na ninaweza kuanguka hata Jumatatu. Nikianguka, nitakwambia mimi, kwa mdomo huu, kabla simu yako haijaita. Mpaka siku hiyo, hakuna mtu atakayenipokonya mtoto kwa maneno ya watu, hata wewe. Ufunguo ninao, na siutoi."

Mwanawe alikitazama kile kiganja chake, akakirudisha mfukoni, akaenda kwa shangazi kumchukua mtoto.