Bado Hajafika

— Bado hajafika, Sikio alisema, akimtazama Dobi usoni bila hata kupepesa macho.

Dobi alibaki na shuka mkononi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Ndege mwenyewe alikuwa kichakani, nyuma ya kisogo cha huyo huyo mwanaume, akiimba kama ndiye anayeoa.

— Una hakika?

— Sasa mpenzi, ningekuficha wewe?

Jibu hilo lilimkata maini.

Dobi alikuwa akifua shuka kwenye nyumba ya wageni huko mlimani, msitu unapoanzia. Sikio aliwaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege, na jina hilo alilipata kwa sababu kwenye ukungu ule masikio yake yalitangulia, macho yakafuata. Kila mwaka, kandege ka kijani kilichofifia hukimbia baridi ya kwao na kuja kwenye vichaka hivi hivi. Uchumba ulipokuwa mchanga, Sikio alimfundisha Dobi wimbo wa ndege huyo kwa mluzi, mpaka binti akaujua kuliko mlio wa simu yake.

Siku ya posa, baba yake Dobi aliuliza harusi lini.

— Ndege akirudi, Mzee. Siku nitakayomsikia, nakupigia simu.

Ukumbi ulivunjika mbavu kwa kicheko, lakini baba alikubali. Sasa ndege karudi, na bwana harusi anasema bado! Kesho yake akasema bado. Wiki nzima ikawa ni hiyo hiyo bado, na ndege yuko palepale, anajimaliza kwa kuimba.

Dobi akampigia dada yake mjini.

— Dada, ananidanganya mchana kweupe.

— Simu zako anapokea?

— Siku hizi hapokei. Anasema nitume meseji.

— Basi hapo una mwenzio, mdogo wangu. Mwanaume akianza kuogopa simu, ujue kuna mtu pembeni. Fungasha uje huku. Hoteli yetu inatafuta dobi.

Dobi alilia mpaka macho yakavimba. Kisha akaandika: "Kama umenichoka sema. Usimsingizie ndege. Kesho naondoka."

Majibu yalikuja haraka: "Usiondoke. Nakuja asubuhi."

Sikio alimkuta kwenye kamba za kuanikia, begi liko miguuni.

— Ni nani huyo? Dobi alimvaa kabla hata ya salamu.

— Nani tena?

— Anayekufanya usipokee simu zangu!

— Hakuna mtu, nakuapia.

— Na ndege je? Wiki nzima unanitazama machoni unaniambia hajafika! Si huyo hapo? Si anaimba sasa hivi?

Sikio aligeuka kwa pupa. Akaukodolea macho mti wa kushoto, shingo imemtoka.

Ndege alikuwa kulia kwake, karibu kabisa.

Hasira zote zilimwishia Dobi palepale. Alimshika mkono, akamgeuza amtazame.

— Humsikii.

Sikio alikaa chini kwenye nyasi mbichi, hakujali suruali.

— Daktari anasema sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka. Hazirudi. Mwaka jana nilimsikia kwa mbali. Mwaka huu kila siku najiambia labda kesho, labda ni ukungu. Sikukudanganya, mama. Kwangu mimi bado hajafika.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nikwambie nini? Kwamba kazi inaniponyoka? Kwamba unaolewa na Sikio la mapambo?

Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma.

— Na sauti yangu? Dobi aliuliza.

Sikio aling'oa unyasi mmoja.

— Kwenye simu imeshapotea. Hapa, nikikutazama midomo, bado ninayo. Lakini nayo itakwenda.

Jambo hilo lilimuuma Dobi kuliko kama angeambiwa kuna mwanamke. Mwanamke angepigana naye, hata kwa kushikana nywele. Hili angelishika wapi? Alikaa naye kwenye nyasi, wakalia wote wawili, shuka za wageni zikipepea juu ya vichwa vyao.

Baadaye Dobi alimshika kidevu, akamgeuza taratibu upande wa kulia.

— Tawi la chini. Fuata kidole changu.

Akamwona. Kifua cha manjano, mdomo wazi, koo likitetemeka. Sikio alimtazama muda mrefu, ndege akiimba bila sauti.

— Ndiye, alisema. Ndiye kabisa.

Dobi alitoa simu, akampigia baba yake, akaweka spika na kumsogezea.

— Shikamoo Mzee. Ndege amerudi.

— Marahaba. Umemsikia mwenyewe? baba aliuliza, maana alikuwa mtu wa kushika maneno ya watu.

Sikio alimtazama Dobi. Dobi alirudia swali polepole, neno moja moja, midomo yake ikionekana vizuri kwenye mwanga wa asubuhi.

Sikio aliinamia simu.

— Hapana, Mzee. Nimeambiwa na mke wangu.