Kikombe cha Mkono wa Kushoto

Wallahi, haya ni kweli tupu. Atakayenikuta nimetia chumvi hata punje, baraza nzima itakunywa kahawa kwa pesa yangu.

Mwaka 1997, Ngamiani, ghorofani juu ya duka la vitenge, palikuwa na darasa la kompyuta la Mwalimu Ruthi. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kubwa kama kabati la bibi harusi. Ikiwashwa, taa za mtaa mzima wa Nguvumali hufifia.

Ijumaa asubuhi Ruthi aliiwasha, akakuta bango la mwanafunzi wake Nasima limefutwa. Akavuta mtoto wa meza: bahasha yenye diski ya akiba na negativu ya picha haimo.

Siku hiyo ndiyo wanafunzi walitakiwa kukabidhi mabango ya kuutangaza mji. Mwenye kiwanda cha uchapaji angemwajiri mshindi. Baba yake Nasima alishapunguzwa kazi, na nyumba nzima ilimtazamia binti huyo.

Nasima hakulia. Alieleza kuwa picha aliipiga mwenyewe: muuza kahawa akimpa mteja kikombe, uso umeelekea kushoto.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Kristofa, mshika ufunguo. Alisema jana jioni aliwahi mazoezi ya kwaya, ufunguo akamwachia mwanafunzi mwenzake, Haroub.

"Na bango lako liko wapi?"

"Mwalimu, mimi kukata picha bado kunanishinda. Nilitaka kumwondoa mbuzi nyuma ya bibi yangu. Nikamwondoa bibi, akabaki mbuzi."

Ruthi akamwacha. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiba bango akalifanya lake.

Haroub akaingia na diski yake na bango lililokwisha kuchapwa. Muuza kahawa yuleyule, ila uso umeelekea kulia. Darasa likanong'ona.

"Yule mzee kila mtu humpiga picha," alisema Haroub. "Mimi nilisimama upande wa pili."

Ruthi alilipokea bango. Akaliinamia.

"Birika kalishika mkono gani?"

"Wa kulia, Mwalimu."

"Na kikombe anachompa mteja?"

Haroub alitazama. "Wa kushoto."

"Nani hapa Ngamiani akapewa kikombe kwa kushoto, akapokea?"

"Labda mzee ana shoto."

"Mwenye shoto hushika jembe kwa shoto. Kikombe cha mtu hampi hivyo, ila kama anatafuta ugomvi."

Akaitia diski ya Haroub kwenye kompyuta, akatoa ile amri aliyowafundisha Jumatano, ya kugeuza picha kama kwenye kioo. Mzee akageukia kushoto, kikombe kikahamia mkono wa kulia.

"Ndiyo yangu," alisema Nasima.

Haroub akaitoa bahasha kifuani. Alisema baba yake alikuwa akimwita Pemba kuchuma karafuu, na kila akipanga picha juu ya picha, zilimvurugikia. Bila kazi ile, kompyuta angeisikia redioni tu.

"Ungeniomba, ningekufundisha," alisema Nasima. Kazi akaipata yeye. Haroub akapanda meli, akaenda kuchuma karafuu.

Hapo nikanyamaza ili nisifiwe. Bi Semeni, mzaliwa wa Nguvumali, akakohoa.

"Mzee mwenzangu, mwaka huo mtaani kwetu nguzo za umeme zilikuwa hazijafika. Hizo taa zilizofifia ni zipi?"

"Vibatari," nikasema.

Hakuna aliyecheka ila muuza kahawa wa baraza yetu. Alianza kumimina, akaanza na Bi Semeni, akazunguka baraza nzima. Cha mwisho akanipa mimi, kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akaukunjua kungoja malipo.