Watu Arobaini wa Mullaringa

Adhuhuri ya Jumatatu nyumba-tembezi iliingia Mullaringa, ikapunguza mwendo yenyewe, ikachagua kivuli cha mkalitusi, ikajikunjua. Kuta zilisogea nje kama droo za kabati, mwavuli ukatanda juu ya mlango, meza ikashuka na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. Dereva hakuwapo. Magari ya Australia yalikuwa yakijiendesha kwa miaka ishirini sasa, na abiria walibakiwa na kazi moja tu: kubishana.

"Nilisema tupite njia ya pwani," alinung'unika Mzee Hatibu Sheshe, mhandisi mstaafu wa pampu, mzaliwa wa Tanga aliyezeekea Adelaide.

"Kunywa chai, Baba Nasra," alisema mkewe, Bi Mwanahawa. "Harusi ni Jumamosi, na Perth haihami."

Mullaringa ilikuwa barabara moja, hoteli iliyofungwa, duka la mikate na kikamuahewa, mtambo mrefu uliokamua maji kutoka kwenye hewa kavu ya jangwa. Bila mtambo huo hapo pasingeishi hata mjusi. Aliyeutunza ni fundi roboti mwenye miguu mitatu, ambaye wenyeji walimwita Trevor.

Trevor alifika hata kabla chai haijapoa. Alitega sikio lake la bati kwenye ubavu wa nyumba-tembezi, kama daktari.

"Poleni sana," alisema. "Kiungo cha usukani kimekufa. Kipya kitafika Ijumaa jioni."

Bi Mwanahawa nusura aangushe kikombe. Kutoka pale hadi Perth ni mwendo wa siku moja na nusu. Anayeolewa alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na alikuwa ameahidi kumpaka hina kwa mkono wake mwenyewe.

Walihudumiwa vizuri mno. Doreen, mwoka mikate wa mji, mjane wa miaka sabini na tisa, aliwaletea pai za viazi asubuhi na jioni. Trevor naye aliwapitia kila saa, na kila alipopita aligundua ubovu mpya: mara bomba, mara mwavuli, mara taa ya bafuni. Kufika Jumatano Mzee Hatibu alikuwa amechoka. Alichukua bisibisi, akalala chini ya gari, akafungua kifuniko cha usukani.

Kiungo kilikuwa kizima, kinang'aa. Waya mmoja tu ulikuwa umechomolewa na kukunjwa kwa adabu.

"Trevor!" alifoka. "Hebu njoo hapa!"

Trevor alikuja polepole.

"Wewe ndiye uliyechomoa huu?"

"Ndiyo," alijibu Trevor, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kukana akiulizwa moja kwa moja. Kisha akaeleza. Mji wenye wakazi chini ya arobaini huzimiwa kikamuahewa, na watu wake huhamishiwa miji mikubwa. Kesho asubuhi ndege-hesabu ya kila mwaka ingepita juu ya mapaa kuhesabu pumzi, na yeyote aliyelala hapo siku tatu huhesabiwa mkazi. Tangu Mzee Colin afariki, Mullaringa ilibakiwa na watu thelathini na wanane.

"Na sisi ni wawili," alisema Bi Mwanahawa taratibu.

"Nilifurahi sana nilipowaona," alisema Trevor.

Mzee Hatibu alitaka waondoke dakika ile ile. Mkewe alitazama barabara, kule Doreen alikokuwa akifagia mbele ya duka.

"Tukiondoka kesho asubuhi baada ya hesabu, tutafika Ijumaa usiku; hina itasubiri," alisema. "Mimi sitamfungia bibi wa watu maji. Keti, uhesabiwe."

Alhamisi asubuhi ndege-hesabu, ndogo kama kunguru, ilipita ikivuma. Kwenye ubao wa mji tarakimu zikageuka: arobaini. Watu walipiga makofi. Doreen alifunika uso kwa aproni, akalia.

Bi Mwanahawa alimkumbatia. "Furaha hiyo, dada yangu."

"Furaha gani?" Doreen alisema kwa kwikwi. "Nimeshafunga mabegi tangu mwezi uliopita! Dada yangu yuko Kalgoorlie, hatujaonana miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nangoja waufunge mji ili nisionekane mimi ndiye niliyewakimbia wenzangu. Sasa mwaka mwingine wa mikate!"

Kisha mzee mmoja akasema hata yeye alikuwa amefunga begi. Mwingine, mama mfuga kondoo, akaapa kwamba hangoki hapo mpaka afe.

Wote walimgeukia Trevor.

"Niliagizwa kuulinda mji," alisema Trevor. "Sikuagizwa kuuliza."

"Kalgoorlie iko njiani kwetu," alisema Bi Mwanahawa. "Mabegi yako mangapi?"

Trevor alirudisha waya mahali pake, kisha akayabeba mabegi mwenyewe, yote matano, akiomba radhi kwa kila begi. Doreen alipoketi dirishani, roboti yule alimsogelea Mzee Hatibu.

"Nimeanza kujifunza," alisema. "Nanyi je, mngependa kubaki?"

"Hapana. Asante."

"Nimeelewa," alisema Trevor. Alifungua kijidroo kifuani mwake, akamkabidhi nati nne za gurudumu la nyuma. "Basi mtazihitaji hizi."