Meno Sita ya Jeshi

Meno sita yalikuwa yameibwa, na aliyeibiwa ni jeshi.

Inspekta Maroa aliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha akauweka chini ya kikombe cha chai akitumaini utapotea. Haukupotea. Asubuhi hiyohiyo ya Julai 1994 alipanda Land Rover ya kituo kutoka Migori kwenda Homa Bay. Gari lilizimika kila lilipoona kilima, akafika hospitali ya misheni akiwa na njaa na hasira.

Huko alimkuta Mellen, mke wa Sajini Jeremiah Odero. Mellen alikuwa amekaribia kujifungua. Mtoto alikuwa amelala kinyume, na daktari alikwisha kusema ni lazima apasuliwe. Mumewe alikuwa Yugoslavia, akilinda amani ya watu wengine.

"Nimeleta kadi yetu ya matibabu ya familia za wanajeshi," Mellen alisema. "Huyu bwana amekataa nayo."

Huyu bwana alikuwa Ombati, karani wa bima, mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja iliyokuwa ikiandika.

"Nimeizuia, Afande," alisema. "Mwezi wa tano, kwa kadi hii, Bibi Odero alitengenezewa meno sita ya bandia. Ya chini, ya mbele. Sasa mwangalie."

Mellen akafungua kinywa. Meno yake yote yalikuwepo, meupe, ya kuzaliwa nayo. Maroa alianza kuyahesabu, akaona ni utovu wa adabu, akaacha.

"Mwizi asipojulikana kufikia Ijumaa, makao makuu watafuta bima ya huyu mama," Ombati aliendelea. "Upasuaji atajua mwenyewe."

"Nani aliyatengeneza hayo meno?"

"Daktari mgeni kutoka Uholanzi. Amesharudi kwao."

"Wewe ulimwona mgonjwa?"

"Nilimwona."

"Alikuwa wa umri gani?"

"Sikuuliza. Utaulizaje mwanamke umri wake?"

"Kwa kukadiria tu."

"Alikuwa amejifunga leso kutoka shingoni mpaka puani. Niliona macho na sweta."

"Macho ya namna gani?"

"Ya mtu anaumwa." Ombati alishusha sauti. "Ukweli, Afande, ilikuwa saa ya chai."

Maroa alimgeukia Mellen. "Kadi hukaa wapi nyumbani?"

"Sebuleni, nyuma ya picha ya Jeremiah."

"Nani huingia hapo?"

"Dada yangu Liz. Na mama mkwe akitoka Lambwe. Anakaa hapo karibu na mlango, anakunywa chai, anaangalia picha ya mtoto wake, anaenda. Lakini huyo usimtaje, Afande. Ni mtu wa kanisa."

Maroa alikuwa na nadharia yake tayari. Mwanamke wa rika la Mellen, kapigwa ngumi na mume, meno ya mbele yakaenda. Tafuta pengo, utampata mwizi. Alirudi Migori akamfuata Liz kwenye saluni yake kule Suna.

"Fungua mdomo," alisema.

"Kwani umekuwa daktari?"

"Fungua, madam. Ni uchunguzi wa polisi."

Liz alifungua. Hakukuwa na pengo wala jino la bandia, ila kipande cha mkate. Wateja wawili waliokuwa wakisukwa nao walifungua bila kuombwa, ili yaishe. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa ukisema kwamba polisi wa siku hizi wanakamata watu kwa kutopiga mswaki.

Kesho yake alikwenda Lambwe kwa mama mkwe, Mama Susana, achukue maelezo juu ya tabia ya Mellen. Alimkuta sebuleni na wenzake wanne wa kanisa, wote wa umri mmoja, wakila mahindi ya kuchoma. Walimkaribisha kwa kicheko, wakampa hindi lake.

Maroa ni Mkuria na amekulia jirani na Waluo. Alijua tangu utotoni kwamba wazee wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini walipokuwa vijana, kama alama ya kukua. Ndiyo maana hakushangaa kuona mapengo manne yakicheka mbele yake. Wale wanawake wanne walikuwa wakipukuchua punje kwa vidole na kuzipeleka kwenye magego.

Mama Susana alikuwa akiuma hindi lake, safu nzima kwa mara moja.

Mkono wa Maroa ulisimama hewani. Siku mbili alikuwa akitafuta mtu mwenye pengo. Kumbe alipaswa kumtafuta mtu wa rika hili aliyekosa pengo lake.

"Mama," alisema, "hayo meno ya chini umepata lini?"

"Yameota."

"Katika umri huo?"

"Mungu ni mkubwa, Afande."

"Yote sita pamoja?"

Mama Susana akatafuna polepole. Wenzake wakaanza kuangalia dari.

"Mellen amenyimwa kadi," Maroa alisema. "Ijumaa bima yake inafutwa, na yule mtoto ni wa kupasuliwa."

Hindi likaanguka chini. "Kwani meno yangu yameingiaje kwa tumbo la Mellen?"

"Wanasema yeye ndiye mwizi."

"Lakini kadi ni ya boma." Akaokota hindi lake, akalifuta vumbi. "Mimi nilidhani ni kama sufuria. Kila mtu wa boma anapakua, na wengine wanabakishiwa. Nilichukua nikarudisha mahali pake. Nani anaiba na kurudisha?"

"Ulihitaji meno ya nini, mama, baada ya miaka yote hii?"

Alijibu akiangalia mikono yake.

"Siku Jeremiah anaondoka, nilienda kambini kumuaga. Bibi ya mkubwa wake akaniuliza nani alinipiga meno. Kabla sijajibu, mtoto wangu akasema, 'Mama alianguka na baiskeli.' Mimi, Afande, sijawahi kupanda baiskeli. Waliponing'oa nilikuwa msichana. Sikulia, wakaniimbia mpaka jioni. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yangu, na *wuoda*, mtoto wangu mwenyewe, akaifunika na baiskeli. Nikasema akirudi atanipata nimejaa. Hatakuwa na sababu ya kudanganya."

Maroa alijisikia vibaya, maana hata yeye alikuwa na mama.

Alhamisi yeye, Mama Susana na Mellen walikuwa mbele ya Ombati. Mama Susana aliyachomoa meno, akayaweka kwenye kisahani cha chai ya karani.

"Shika kielelezo chenu. Mpe Mellen kadi yake." Akavuta pumzi. "Jeshi linatibu bibi ya askari na watoto wake. Mimi nilimzaa huyo askari. Linadhani aliokotwa?"

Ombati alisogeza kisahani mbali kidogo. "Lakini mama, kuna chaguo lingine. Sajini akikubali makato ya mshahara wake yaongezwe kidogo, mzazi anaingia kwenye bima. Hata meno yanaingia."

Mellen alimgeukia karani.

"Mbona hukuniambia?" Mellen aliuliza.

"Hakuna mtu aliniuliza."

Inspekta Maroa alimtazama karani huyo kwa muda mrefu, akitafuta kifungu cha sheria cha kumfungia, asikione. Mellen, kwa upande wake, alikuwa ameshika tumbo akicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema yeye hamshtaki mtu, na hayo meno mama arudishiwe kabla hayajaangukia kwenye chai.

Makao makuu walikubali kufunga kesi na meno yaingizwe kwenye makato hayo, ila walitaka idhini ya Sajini mwenyewe. Maroa alimtumia ujumbe kupitia redio ya jeshi, akaeleza habari ya makato na meno, na mwishoni akaongeza sentensi moja ya kwake: *Mama yako hakuanguka na baiskeli.*

Jibu lilikuja Ijumaa asubuhi. *Najua. Mwongezeni. Mwambieni anisamehe.*

Kadi ilirudishwa siku hiyohiyo, na mtoto akazaliwa kwa upasuaji wiki iliyofuata, msichana, wakamwita Susana. Bibi yake alipomshika mara ya kwanza, aliyavua meno ya jeshi akayafunga kwenye leso. Wakatazamana, kila mmoja na ufizi wake, na hakuna aliyeuliza nani alianguka wapi.