Jina la Wagih

Asubuhi, penye mkokoteni wa kuuza ful, maharage ya asubuhi, mtaani Dokki, Radwa alimpiga kikumbo kijana mmoja na chai ikamwagikia shati jeupe la kijana.

"Samahani, kaka."

"Na leo ndiyo naenda kuanza kazi kwa Mhandisi Usama."

Radwa, mwenye kilemba cha manjano, akacheka. "Basi usilifute. Mimi niko kwake mwaka wa pili, hajawahi kumtazama mtu."

Kijana aliitwa Wagih. Kampuni ilikuwa na watu tisa na programu moja ya kupanga miadi ya kliniki. Usama alikuja kila siku na wazo jipya, la jana likaachwa nusu. Humo humo wawili hao wakapendana.

"Umefika, roho yangu?" Radwa aliuliza kwenye simu kila jioni.

"Nimefika. Lala, kesho bosi ana wazo jipya."

Kisha kazi ya Radwa, ya kusimamia ratiba, ikaanza kuharibika. Wagonjwa wawili walipangiwa daktari mmoja, saa ileile. Usama alimfokea mbele ya wote. Radwa akafungua kumbukumbu za mfumo: aliyebadilisha miadi ni Wagih.

"Sijagusa," alisema Wagih.

"Jina lako lipo."

"Unaiamini mashine kuliko mimi?"

"Mashine haitamani cheo changu."

Wagih akachukua koti lake, akatoka. Radwa akapeleka jina kwa Usama. Jioni Wagih alikuwa amefukuzwa.

Wiki iliyofuata kosa likarudi, kwa jina lilelile. Radwa akaingia ofisini kwa Usama bila kubisha hodi.

"Wagih hayupo. Nani anatumia jina lake?"

"Mimi. Nenosiri langu nimelisahau tangu Ramadhani, natumia lake." Usama hakuinua macho. "Narekebisha vitu vidogo vidogo."

"Umemfukuza kwa makosa yako."

"Jina uliniletea wewe."

Radwa akaweka ufunguo wa ofisi mezani, akatoka, akampigia Wagih simu.

"Alikuwa Usama," alisema.

"Nilikwambia sijagusa."

"Ulinambia. Nimeacha kazi."

"Usinibebeshe hilo."

"Sikubebeshi. Kesho nitakuwa kwenye ful."

Kesho yake Wagih alikuwepo, amevaa shati jeusi.

"Ukimwaga chai, doa halitaonekana," alisema, bila kutabasamu. "Sijakusamehe."

"Najua."

Wagih akaumega mkate wake, akampa Radwa nusu.